Faiba na simu ya mezani kwenye nyumba mpya Moshono, yaliyonikuta mpaka vikakaa sawa

Jamani hii ni ndefu, nivumilieni. Nilipokuwa natafuta taarifa kabla hatujahamia sikupata mtu wa Arusha aliyeeleza kwa kina, kila unayemuuliza anakwambia "vuta faiba, iko poa" (faiba ni intaneti ya waya wa nyuzi za kioo zinazopitisha mwanga) basi ameishia hapo, hakuna anayekwambia boksi la ndani linalotoa waifai likae wapi, waya unapitaje ukutani, umeme ukikatika inakuwaje. Majina ya kampuni sitaji, iwe zuri iwe baya, kwa sababu mafundi waliokuja kwangu sio lazima ndio watakaokuja kwako. Naongelea huduma yenyewe.

Tumetoka Sakina tulikopanga miaka 6, sasa tuko kwetu Moshono. Nyumba haijaisha, plasta ya nje bado na geti bado, lakini inakalika. Tuko watano, mimi, mume wangu, watoto wawili na Mama yangu mzazi. Mimi kazi yangu naifanyia nyumbani, napanga safari za wageni, barua pepe kutwa nzima na vikao vya Zoom na mawakala wa Ujerumani na Marekani, na wa Marekani kwa tofauti ya saa ilivyo unajikuta uko kwenye kikao saa 3 usiku watoto wamelala. Intaneti kwangu ndio jembe, ikikata siku nzima nimepoteza mgeni. Mama yeye ana miaka 74, macho yamepungua, simu ya kupangusa haiwezi kabisa na kitochi anakisahau popote kimezima chaji. Anachokijua ni simu ya mezani, alikaa nayo ofisini Moshi miaka mingi, unanyanyua mkono unaongea. Kwaiyo tangu mwanzo tulitaka vitu viwili, intaneti ya uhakika na laini ya mezani ya Mama.

Tulianza na rauta ya laini, ile unachomeka kadi ya simu ndani yake. Nilinunua duka moja mjini, muuzaji akaniambia bando halina kikomo, nitumie nitakavyo. Kukata kweli haikukata, ila ilipofika kama siku ya 11 spidi ikashushwa, picha ya WhatsApp tu inazunguka mpaka unakata tamaa, kumbe kwenye masharti imeandikwa kwa maandishi madogo kwamba ukivuka kiwango fulani wanakupunguzia. Hilo muulize muuzaji kabla hujatoa hela, muulize baada ya GB ngapi spidi inashuka na inashuka mpaka ngapi, akiwa hajui mwambie apige simu aulize.

Shida ya pili ni kijiografia tu. Nyumba yetu iko upande wa bondeni, kilima kimekaa katikati yetu na mnara, afu juu tuna bati na kuta ni tofali za bloku, na bati linarudisha mawimbi nyuma. Ukiamka saa 11 alfajiri inakimbia vizuri sana, ikifika saa 2 usiku watu wote wa mtaa wamerudi nyumbani wanagombania mnara mmoja, inakuwa konokono. Nilihamisha rauta mpaka dirisha la jikoni linaloangalia mnara ikapanda kidogo, lakini sasa nakaa jikoni na laptopu wakati mtu anakaanga samaki, sio maisha.

Na hili la tatu ndio liliniumiza. Nilipiga *106# kuangalia laini zilizosajiliwa kwa namba yangu ya NIDA, ile ya kwenye rauta haipo! Maana yake aliyeniuzia alisajili kwa jina la mtu mwingine kabisa. Nikarudi dukani, tukabishana, mwisho wakanisajilia upya kwa alama za vidole. Tangu 2020 laini isiyosajiliwa kwa alama za vidole inafungwa, kila mtu anajua, lakini laini ikiwa kwa jina la mtu usiyemjua ni hatari zaidi, siku yoyote inaweza kufungwa au ikatumika vibaya na we ndio unaikalia. Ukinunua rauta yenye laini piga *106# ukiwa bado umesimama pale pale dukani.

Sio kwamba rauta ya laini ni mbaya. Ungekuwa umepanga chumba Levolosi au Kaloleni na mnara unauona kwa macho ningekwambia kaa nayo, ukihama unaibeba kwenye mkoba. Ila kwa nyumba ambayo hutahama na watu watano ndani, vuta faiba.

Haya faiba sasa. Nilienda ofisini mwenyewe, wakataka namba ya NIDA, namba ya simu na nitume lokesheni kwa WhatsApp. Siku ya pili akaja mtu wa sevei, akaangalia nguzo iliyo karibu yenye boksi la kugawia, akasema inawezekana na nafasi ipo. Hilo la nafasi nilikuwa silijui. Uzi mmoja wa faiba unatoka kule kituoni, ukifika mtaani unagawanywa na kifaa kidogo kwenda nyumba nyingi, 16 au 32 au zaidi, sasa boksi likijaa hata kama limening'inia mbele ya geti lako unasubiri. Jirani yetu wa juu anasubiri mpaka leo.

Niliambiwa siku 3 za kazi. Nilisubiri siku 16. Na ndani ya hizo siku 16 walikuja machalii wawili, wakavuta waya kutoka kwenye nguzo, wakauingiza kupitia fremu ya dirisha la sebule wakaukunja pale kwenye kona kama kiwiko, halafu wakasema umbali ni mita 190 umezidi ule wa bure kwaiyo niongeze elfu 45, na niwape mkononi. Mume wangu akachukua tepu ya fundi, wakapima pamoja na kijana wa jirani, mita 138. Nikawaambia kaka zangu mi silipi kitu kisicho na risiti, wakaondoka na waya ukabaki unaning'inia dirishani. Nilipopiga ofisini wakasema hakuna malipo kama hayo. Hapo nilikasirika kweli, kwa sababu ningekuwa mtu wa kuogopa ningetoa, na najua wapo waliotoa. Pima mwenyewe, na malipo yoyote yaende kwenye lipa namba ya kampuni.

Timu ya pili ndio imenifanya niandike yote haya. Alikuja dada mmoja fundi na msaidizi wake, yule dada sijawahi kuona mtu anajali kazi namna ile. Ameingia tu amemsalimia Mama, "Shikamoo bibi", Mama akaitikia marahaba akamletea chai, afu badala ya kuanza kutoboa ukuta akaniuliza, dada unafanyia kazi chumba gani? Watoto wanalala wapi? Simu ya bibi itakaa wapi? Hakuna aliyekuwa ameniuliza hivyo. Wale wa kwanza walikuwa wanataka kuliweka boksi nyuma ya TV kwenye kona ya sebule kwa sababu ndio karibu na nguzo, kazi inaisha haraka wao waende.

Yeye akalipeleka koridoni katikati ya nyumba, juu, karibu na soketi. Akanieleza waifai ya boksi inatoka kwa njia mbili, ya gigahezi 2.4 inayofika mbali na kupenya ukuta lakini spidi ndogo, na ya gigahezi 5 inayokimbia lakini ukuta mmoja wa bloku unaichosha, kuta mbili imekwisha. Ukiliweka kwenye kona nusu ya mawimbi unamrushia jirani na ng'ombe wake.

Hapa namshukuru mume wangu na fundi wetu wa umeme. Wakati wa kulaza paipu kabla ya plasta, mume wangu alimwambia aache paipu mbili tupu zenye kamba ya kuvutia ndani, moja kutoka ukuta wa nje mpaka koridoni, nyingine kutoka koridoni mpaka kwenye chumba changu cha kazi. Mimi nilimwona anatupa hela. Kumbe hizo paipu zimeokoa nyumba kuchimbwa chimbwa. Faiba ilipita kwenye ya kwanza, na kwa kuwa kichwa cha waya hakiwezi kupita kwenye paipu nyembamba, dada alivuta waya mtupu kwanza ndio akaunga kichwa upande wa ndani kwa ile mashine ya kuunganishia, inayeyusha nyuzi mbili za kioo zinakuwa moja, unaona kwenye kioo cha mashine uzi mwembamba kama unywele. Wanangu walikaa pale hawapepesi macho.

Kama nyumba yako iko kwenye hatua ya msingi au lenta sa hivi, shika simu mwambie fundi umeme wako aweke hizo paipu. Baada ya plasta na rangi ndio utajua uchungu wake.

Boksi lilipowashwa taa ya LOS ikawaka nyekundu inapepesa. LOS maana yake mwanga haufiki au unafika dhaifu. Dada akatoa kipimo chake, kikasoma -29. Sasa hizi namba, kadiri inavyokaribia sifuri ndio mwanga una nguvu, na boksi la nyumbani likishashuka chini ya -27 hivi linaanza kupotea potea. Akafuatilia waya mpaka kwenye ile sehemu wenzake walipoukunja dirishani, akasema huku ndio mwanga unavuja, faiba ukiikunja sana mwanga unatoka nje ya uzi hata kama waya haujakatika. Akaukata akavuta upya kwa mkunjo mpana. Afu akakifuta kile kichwa cha kijani kwa kitambaa chake maalumu, akaniambia vumbi la Moshono likikaa hapa hata punje moja inapunguza, ndio maana usikichomoe hovyo ukiwa unafagia. Akapima tena, -19. Taa ya kijani ikatulia. Akaniambia niipige picha hiyo namba niitunze, siku mtandao ukisumbua nimwambie fundi atakayekuja kwamba mwanzo ilikuwa -19.

Ndugu zangu, fundi asiondoke kwako kabla hajakuonyesha kile kipimo. Mtu anaweza kukuachia boksi liko -27, leo linafanya kazi, mwezi ujao joto likipanda au waya ukitikiswa na upepo unaanza kupiga simu kila wiki na wao wanakwambia zima washa.

Kwenye chumba changu cha kazi sitegemei waifai kabisa, waya wa mtandao umepita kwenye ile paipu ya pili moja kwa moja mpaka kwenye laptopu. Waya wa aina hiyo unaenda hadi mita 100 bila shida, wangu haufiki hata 15. Tangu siku hiyo sijawahi kuambiwa "tunakupoteza" kwenye kikao.

Spidi tumechukua Mbps 20. Mume wangu siku ya kwanza alishusha faili akaona inasoma 2.4 akadhani tumepigwa, akataka kupiga simu. Sio wizi, kampuni inauza kwa biti na kompyuta inakuonyesha kwa baiti, gawanya kwa 8, 20 inakuwa 2.5. Faili la GB 1 linachukua kama dakika 7. Kwetu inatosha, Netflix ya HD inataka kama 5, Zoom kama 3, watoto na YouTube yao, bado inabaki. Kwa mwezi nalipa sh 70,000. Kabla ya hapo mimi na mume wangu na vibando vya kila siku tulikuwa tunavuka laki moja bila kujijua.

Nywila ya waifai ile iliyobandikwa nyuma ya boksi nilibadilisha siku hiyo hiyo, na ile ya kuingilia kwenye mipangilio pia. Mafundi na wapita njia wote wanaisoma ile karatasi.

Sasa simu ya Mama. Simu yake ya zamani tuliileta kutoka Kibosho, ile ya kuzungusha namba kwa kidole, ameitunza kwenye kabati imefungwa kanga. Dada akaichomeka kwenye tundu la TEL nyuma ya boksi, akapiga kutoka kwenye simu yake na ile simu IKAITA, mlio ule ule wa zamani, Mama alisimama hapo hapo. Aliongea vizuri kabisa. Ila kupiga ikagoma, unazungusha namba hakuna kinachotokea, dada akasema boksi hizi nyingi hazielewi mapigo ya simu ya kuzungusha, zinataka simu ya vitufe yenye ile sauti ya tii tii. Nikanunua nyingine mjini ya vitufe vikubwa. Ile ya zamani imebaki chumbani kwake juu ya meza, hataki iondolewe.

Namba yake inaanza na 027, hiyo ndio ya Arusha na Kilimanjaro, Manyara na Tanga, ukipiga kutoka kwenye simu ya mkononi unaanza na hiyo 027, na dada yangu aliyeko Marekani anapiga +255 27 na namba, sifuri haiwekwi. Sauti inasikika safi kuliko ya mkononi, Mama hapigi tena kelele akiongea.

Lakini hili hatukuambiwa na mtu yeyote ofisini. Wiki ya pili umeme ulikatika saa 3 usiku nikiwa kwenye kikao, intaneti ikazima na simu ya Mama ikazima. Mama akaniuliza, "Mbona zamani umeme ukikatika simu ilikuwa inaita?" Na ana haki. Simu ya mezani ya zamani ya waya wa shaba ilikuwa inapata umeme wake kutoka kituoni kwenye betri zao kupitia waya ule ule wa simu. Hii ya faiba inapita kwenye boksi lako, na kioo hakibebi umeme, boksi likizima simu ni pambo. Kwa mzee anayekaa peke yake mchana hilo ni jambo zito, ilibidi watuambie siku ya kwanza, na hapo kampuni nawakata maksi kabisa.

Dawa yake ni UPS ndogo ya volti 12, ile kama pawabenki nene, inakaa kati ya soketi na boksi. Angalia chini ya boksi lako imeandikwa volti ngapi na ampia ngapi, langu ni 12 na 1, ununue inayolingana. Ya kwangu inasukuma kwa muda wa karibu saa 4. Na uzuri wa faiba ya aina hii ni kwamba kale kakifaa ka kugawia kwenye nguzo hakatumii umeme wowote, ni vioo tu, kwaiyo mtaa mzima ukiwa giza, kituoni kwao wakiwa na jenereta na wewe una UPS, intaneti inaendelea kama kawaida. Mara ya mwisho umeme ulikatika jioni nzima, mimi nimemaliza kikao na Mama ameongea na simu.

Kukatika tumekatika mara moja. Lori la moramu lilipita likaondoka na waya wetu pale unapovuka barabara, ulikuwa umening'inia chini. Siku 2 bila mtandao, nikarudi kwenye bando, tiketi niliyofunguliwa kwa simu haikufuatiliwa mpaka nilipoenda ofisini nimesimama mbele yao. Waliporudi wameuinua juu sana. Kama waya wako unavuka barabara yenye malori ya mchanga, angalia urefu wake kabla hujasaini fomu. Afu kuna matatizo ya mbali ambayo hakuna fundi wa mtaani atakusaidia, kama ile Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini zinazoleta intaneti nchini, EASSy na SEACOM, zilipokatika na nchi nzima ikakwama, nilikuwa bado Sakina, hapo rauta ya laini na faiba wote mko sawa.

Jambo dogo la malipo, siku ya mwisho wanakata usiku wa manane bila huruma, na ukilipa baada ya kukatwa inaweza kuchukua saa kadhaa kurudi. Mi nalipa siku mbili kabla.

Kwa faiba yenyewe nawapa 9 kwa 10. Kwa yule dada fundi 10, na nilipiga ofisini kumsifia, wakaandika. Kwa timu ya kwanza na kusubiri siku 16 siwezi kutoa hata 2.

Mama namba anazozikumbuka kichwani ni 4 tu. Zilizobaki nimemwandikia kwa maki peni nyeusi kwenye karatasi ya manila, tarakimu kubwa kama kiganja, nimeibandika ukutani juu ya simu.